Mafundi wa kompyuta, ulizeni kwanza ndipo mpige windo

Mhariri,

Assalaam alaykum. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua, na kwa miaka 11 sijapata kujiandikia yangu mwenyewe. Leo naomba nafasi gazetini mwako. Ukiiona ndefu ipunguze, ila pale penye mafundi usipaguse.

Nina duka la steshenari hapa Chake Chake. Natoa fotokopi, nachapa, nalaminisha vyeti, natengeneza kadi za harusi, na msimu wa karafuu ukifika nachapa mikataba ya watu wanaokodishana mikarafuu. Mashine yangu ni moja tu, ya mezani, ya mtumba, niliinunua Unguja. Siku naileta Pemba niliteremka nayo bandarini Mkoani nimeikumbatia, hamali nikamwachia begi la nguo.

Nina neno na mafundi wa kompyuta, pamoja na sisi tunaowapelekea mashine, juu ya hili jambo la kupiga windo, yaani kuitia kompyuta mfumo wake wa Windows upya. Kompyuta ikigoma kuwaka, iwe imeingia virusi, iwe umeme umekatika vibaya, iwe waya tu umelegea ndani, dawa ni ile ile. Ni kama zamani zile hospitali za vijijini: ukiumwa kichwa Panadol, ukiumwa goti Panadol. Mie Panadol yenyewe ndiyo iliyoniua.

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Alasiri mashine ikaniomba niizime ijisasishe, nikaikubalia, nikaenda kusali. Kwenye skrini imeandika asilimia 30 na inaonya isizimwe. Msala sijaukunja bado, umeme ukaenda zake. Simlaumu mtu. Siku ile mvua ilikuwa ya radi, na watu wa umri wangu waliokulia kwenye majenereta ya Wesha, kabla ya waya wa chini ya bahari kutoka Tanga kutufikia mwaka 2010, hawaogopi giza. Wa kulaumiwa ni mie. Kile kiboksi cha UPS, ambacho kingeishikilia mashine dakika kumi ikamaliza shughuli yake, betri yake ilikufa zamani, nami nimekigeuza kigoda cha birika la chai.

Umeme ulirudi baada ya Isha. Nikabonyeza. Ikaja ile nembo ya dirisha, chini yake vitone vinazunguka. Vikazunguka weee, halafu ikaandika kwa Kiingereza kwamba inajiandaa kujitengeneza, kisha kwamba inajikagua, kisha kwamba kompyuta haikuwaka sawasawa, niiwashe tena. Nikaiwasha tena. Yale yale. Nilihesabu mara saba, nikaifunika kanga, nikaenda kulala, na usingizi wenyewe ukanikimbia.

Asubuhi nikaipeleka kwa fundi. Simtaji, wala mtaa wake siutaji. Ni kijana wa watu, mamake na mimi ni watu wa kuzikana. Akaiwasha mara moja, akaitazama kidogo.

"Bi Mkubwa, mafaili ya windo yamekufa. Hii naipiga windo tu. Elfu ishirini, jioni njoo uichukue."

"Na vitu vyangu, mwanangu?"

"Vitakuwepo," akanijibu, macho yako kwenye simu ya mteja mwingine.

Jioni nikaikuta inawaka vizuri, tena mbio. Lakini ilikuwa safi kama ua uliofagiliwa asubuhi ya Idi. Kapu la taka pale juu pembeni, picha ya dirisha la buluu, basi. Nikafungua huku, nikafungua kule. Hakuna kitu.

"Vitu vyangu viko wapi?"

"Si nilikwambia naipiga windo, Bi Mkubwa? Ikipigwa inaanza upya."

Nikampa elfu ishirini yake. Mpaka leo sijui kwa nini nilimpa.

Mikataba ya mikarafuu si kitu, wenyewe wana nakala zao za karatasi. Kadi za harusi nazo si kitu. Matokeo ya mitihani ya madrasa mbili tuliyakusanya tena kwa taabu kutoka kwenye madaftari ya walimu. Kilichonikaa moyoni ni cha mzee mmoja wa Ole, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Mzee yule akinijia kila Alhamisi baada ya adhuhuri kwa muda wa miaka miwili hivi. Anaweka bakora yake mlangoni, anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na feni, ananisomea nasaba ya ukoo wao nami nachapa. Upande wa wanaume alikuwa nao kwenye karatasi za babake, Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, wino wake umegeuka rangi ya kutu. Upande wa wanawake haukuandikwa popote. Huo alikuwa nao kichwani: bibi gani kaolewa wapi, kazaa nani, nani alihamia Tumbatu akarudi na watoto wawili, nani aliachwa na nani alifiwa. Akisita kwenye jina hufumba macho, hugonga goti kwa kidole mpaka limjie. Siku nyingine halimjii, hunambia niache nafasi. Akifariki mwezi wa Rajabu kazi yote ilikuwa imekwisha. Wanawe wakataka kila mmoja apate kijitabu chake, na mie nikawa nawapiga tarehe, mara wino wa rangi umepanda bei, mara gamba gumu sijalipata. Na kwenye flashi sikuwahi kuitia. Hilo nalikiri mbele yako, Mhariri, na mbele ya wanawe, ambao gazeti hili hulisoma.

Siku ya tisa akaja mtoto wa dada yangu anayesoma Unguja, kaja kwenye harusi. Nikamweleza. Neno lake la kwanza likawa:

"Mama mdogo, umeandika chochote tangu irudi kwa fundi?"

"Siku tisa nachapa. Nile nini?"

Akashika kichwa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo, laiti ningelijua, ningeizima mashine ile ile jioni ya kwanza. Diski ikifutwa kwa ile njia ya haraka, anasema, maandishi hayasuguliwi. Kinachochanwa ni ukurasa wa yaliyomo. Kurasa zenyewe zimo, ila mashine haijui tena nini kiko wapi, na kila pahala inapaona patupu, pa kuandikia. Kwa hivyo windo mpya yenyewe ilishakalia sehemu, na kila barua niliyochapa siku zile tisa ilikuwa inakalia kitu kingine. Tena hapo nina bahati, diski yangu ni ile ya zamani inayozunguka. Hizi mpya zisizozunguka, za SSD, zenyewe huyasafisha maeneo yaliyofutwa, na mara nyingi hakibaki cha kuokoa.

Akaiwasha mashine kwa flashi yenye mfumo mwingine, Linux, bila kuigusa diski. Akachomeka diski ya nje aliyoiazima kwa mpiga picha wa harusi, akaendesha programu iitwayo PhotoRec usiku kucha. Alisisitiza kwamba vinavyookolewa visirudishwe kwenye diski ile ile, maana hapo ni kuzika maiti juu ya maiti. Asubuhi tukawa na mafaili 4,316, na hakuna hata moja lenye jina. Yote yanaitwa f na tarakimu tupu, f kitu gani, f kitu gani. Ile programu huyatambua mafaili kwa sura yake tu, majina yaliondoka na ule ukurasa wa yaliyomo.

Wiki tatu, kila nikifunga duka, nakaa nayafungua moja moja. Nikakuta nembo za watu nisiowajua, kadi za harusi za ndoa zilizokwishavunjika, barua ya kuomba kazi ya kijana ambaye sasa ana kazi na watoto watatu. Usiku wa kumi na nane nikafungua moja, nikaona "bin" imejaa ukurasa mzima. Nikasoma mpaka chini. Ilikuwa nakala ya zamani, ya kabla hatujaanza upande wa wanawake. Niliendelea kutafuta mpaka faili la mwisho. Ile ya pili, iliyokamilika, haikuwemo.

Sasa mafundi nisikilizeni, maana haya nimeyajua kwa gharama. Ndani ya diski kuna nyumba yenye vyumba. Mafaili ya mfumo, yaani yale ya kuiwasha na kuiendesha kompyuta, yanakaa kwenye folda ya Windows. Kazi ya mtu, picha zake na barua zake, zinakaa kwenye folda nyingine iitwayo Users. Umeme ukikatika mashine inajisasisha, yanayobaki nusu-nusu kwa kawaida ni ya chumba cha kwanza, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yanaandikwa wakati ule. Chumba cha pili kinaweza kuwa kizima kabisa. Sisi Wapemba karafuu zikichanganyika na makonyo, vile vijiti vyake, tunakaa kitako, jamvi letu mbele, tunachambua. Sijamwona mtu akamwaga jamvi zima baharini.

Na kuchambua kwenyewe mie nimekufanya kwa mikono yangu hii. Mwezi wa tisa mashine ilinifanyia vile vile: inajisasisha, umeme ukakatika, ikabaki inazunguka. Safari hii sikuibeba kwenda popote. Nilimpigia mpwa wangu simu, spika nikaiweka juu ya kibodi, peni mkononi na kalenda ya mwaka jana ya kuandikia mgongoni.

Alinianzishia kwa kunakili vitu vyangu, kwa ile ile flashi ya Linux aliyoniachia, kabla ya kugusa chochote. Hilo akanambia halina mjadala. Kisha nikachomeka flashi nyingine ya GB 8 yenye windo ya kusimikia, aliyoitengeneza kwa programu ya bure ya Microsoft wenyewe. Mashine ikiwaka kutoka kwenye flashi ile inakuuliza kama usimike, na chini pembeni, kwa maandishi madogo ambayo hakuna anayeyatazama, kuna njia ya kutengeneza. Nikapita hapo mpaka kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri.

Cha ajabu cha kwanza: diski yangu, ambayo siku zote mashine huiita C, huko ndani ilijiita D. Mpwa wangu akasema hilo huwapoteza hata mafundi, wanatengeneza diski siyo kisha wanasema dawa haikufaa. Tukaikagua diski kwa chkdsk d: /r, kuanzia baada ya Isha mpaka saa saba za usiku, na mie na chai yangu. Kisha akanisomea amri ya kukagua mafaili ya mfumo: "sfc, nafasi, mkwaju, scannow, nafasi, mkwaju..." Mkwaju upi, nikamuuliza, ule mstari unaolalia kulia au kushoto? Tukacheka mpaka salio likakata. Amri kamili, kama nilivyoiandika nyuma ya kalenda, ni hii: sfc /scannow /offbootdir=D:\ /offwindir=D:\Windows

Ikakataa. Ikasema kuna matengenezo yaliyoachwa njiani, niizime na kuiwasha kwanza. Nami kuwaka ndiko nisikokuweza! Kumbe ni yale masasisho yaliyokatwa na umeme, yamesimama kizingitini, hayaingii hayatoki. Akanipa amri nyingine ya kuyarudisha nyuma: dism /image:D:\ /cleanup-image /revertpendingactions. Nikairudia sfc, na mara hii ikaenda, pole pole, asilimia kwa asilimia. Windows ina ghala lake la akiba humo humo ndani, folda iitwayo WinSxS. Sfc hulinganisha kila faili la mfumo na lile lililomo ghalani, na lililoharibika hulibadilisha. Barua za watu haizigusi, wala haina habari nazo.

Ikaandika kwamba imekuta mafaili mabovu na imeyatengeneza. Nikachomoa flashi, nikabonyeza. Vitone vikazunguka, na mie roho mkononi, kisha ikaja picha ya mjukuu wangu yupo ufukweni Vumawimbi kashika kaa. Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza. Gharama yake yote ni bando la shilingi 2,000.

Sisemi dawa hii haishindwi. Hushindwa. Ghala la akiba nalo likiwa limeoza, sfc haina cha kupachika. Lakini hata hapo bado kuna njia kabla ya kufuta: Windows 10 na 11 zina sehemu ya kuiweka upya mashine huku ikikubakishia mafaili yako, programu tu ndizo ziondoke uzitie tena. Na hata hiyo windo yenyewe inaweza kupigwa bila kuifuta diski, na ya zamani pamoja na vitu vya mwenyewe ikakusanywa kwenye folda iitwayo Windows.old. Hiyo ingenitosha! Kijana wa watu angebonyeza kitufe kimoja pungufu, nami leo ningekuwa na nasaba yangu. Na kinyume chake pia kipo: ukisikia diski inagonga ndani ko, ko, ko, hiyo inakufa, usiikagishe saa sita. Nakili unachoweza, haraka, kisha uiache.

Nimekaa na mafundi wawili watatu tangu hapo, nikawasikiliza. Wana yao. Mteja analeta mashine asubuhi anaitaka adhuhuri, anapunguza elfu ishirini mpaka kumi na mbili, na kunakili diski iliyojaa ni kazi ya nusu siku. Wengine hawana hata diski ya nje ya kunakilia. Mmoja akanambia, "Bi Mkubwa, wateja tisa katika kumi ukiwauliza kama wana vitu humo wanajibu hawana kitu, wana muziki tu." Nikamwambia muulize huyo wa kumi. Na hali itazidi kuwa ngumu, kwa sababu Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo kwenye mitumba yetu mingi, Microsoft waliisitisha huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai prosesa mpya na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za zamani hazinacho. Tutakaa na hizi hizi tulizonazo, na foleni kwa fundi itakuwepo.

Kwa hivyo ninachoomba si kikubwa. Fundi akipokea mashine aandike kwenye kikaratasi, hata kiwe cha daftari: vitu vya mteja vimenakiliwa, ndiyo au hapana, na mteja atie saini kabla diski haijafutwa. Mteja akisema sina kitu, saini yake ipo. Vituo vyetu vya mafunzo ya amali vinavyofundisha vijana ufundi huu viwafundishe swali hilo siku ya kwanza, kabla hawajashika bisibisi. Akitaka elfu kumi zaidi kwa kunakili, mie nitampa, na nitamshukuru.

Na wewe Mhariri, una ukurasa mzima wa mpira kila siku, sikuonei wivu. Lakini yale maandishi yanayotoka kwenye skrini ya kompyuta iliyogoma ni ya Kiingereza matupu, na watu wazima wenye akili zao wanabonyeza popote ili mradi yaondoke. Tafuta mjuzi akuandikie hatua zake kwa Kiswahili, uzichape siku moja watu wakate wabandike ukutani. Kalenda yangu nitakuazima.

Jina langu na nambari ya simu nimeviandika kwenye bahasha, naomba usivitoe, kwa ajili ya mamake kijana.

Kijitabu cha mzee nimekichapa upya upande mmoja, na kwa upande wa pili nimeacha kurasa tupu, kama alivyokuwa akinambia niache nafasi. Binti yake mkubwa ameahidi kuja Alhamisi akishaanua karafuu. Majina mengi, anasema, anayo shangazi yao aliyeolewa Kojani, mtu mzima sana, hapandi tena mashua. Itabidi twende sisi, na daftari, siku maji yakiwa mazuri.

Mwenye duka la steshenari,
Chake Chake, Pemba